Benchi la Kicheko

Siku Bi Taratibu alipotangaza kwamba chuo kingewafunza wanafunzi wachache wa mwaka wa tatu wawe wakufunzi wa wenzao, darasa zima liligeuka kumtazama Kamusi. Naye akashusha macho na kuiweka sawa kola ya sare yake, kama bibi harusi anayesubiri kuitwa. Jina la Kamusi hakujipa mwenyewe. Alipewa na wenzake mwaka wa kwanza, alipotaja mifupa yote ya mkono kwa mkupuo mmoja mpaka mwalimu akasahau alikuwa ameuliza nini.

Bi Taratibu ndiye aliyefundisha mazoezi ya vitendo. Alikuwa mfupi, muuguzi wa siku nyingi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. "Taratibu, jamani, mgonjwa si gunia," ndilo lililokuwa neno lake. Alimtaja Kamusi wa kwanza, akawataja wengine wawili watatu, kisha akasema, "Na Kicheko."

"Mimi?" Kicheko akajishika kifua. "Mwalimu, hebu vaa miwani uangalie tena!"

Darasa likaangua kicheko, na Bi Taratibu naye akacheka. Kamusi hakucheka.

Kicheko alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe. Walikaa nyumba moja na mama mkwe, wakala sufuria moja, na kila asubuhi walitoka mlango mmoja kwenda chuo kimoja. Kicheko ndiye aliyetangulia kujiunga, ila alianguka mtihani wa dawa akarudishwa nyuma, na hivyo ndivyo mawifi hao walivyojikuta darasa moja. Nyumbani habari ya kuanguka haikutajwa. Mama mkwe alisema tu kwamba binti yake "alipumzika kidogo". Kamusi hakuwahi kuanguka mtihani wowote, wala hakuwahi kupumzika. Sasa waliitwa pamoja, kana kwamba sindano na kidonge ni kitu kimoja.

"Wifi, tumeula!" Kicheko alimwambia walipotoka, akimkumbatia bega.

"Tumeula," Kamusi akajibu. Mdomoni lilimtoka kama kwinini.

Mafunzo ya ukufunzi yalifanyika kwenye chumba cha mazoezi, chenye vitanda, makabati ya vifaa, na sanamu la plastiki ambalo wanafunzi walilibatiza Mzee wa Kimya kwa sababu lilichomwa sindano kutwa bila kulalamika. Bi Taratibu aliwaambia kwamba kufundisha si kumimina. Mtu unayemmiminia hujaa, akishajaa humwagika, na kesho yake unamkuta mtupu. Sheria zake zilikuwa mbili: mikono ya mkufunzi ikae mgongoni, na jibu asilitoe yeye.

Akamleta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kujifunzia. Huyu alikuwa mwanamume wa makamo aliyelinda mageti ya watu kwa miaka kabla ya kuamua kusomea uuguzi, na kila mtu alimwita Askari. Kazi ilikuwa kumfundisha kupima presha.

Kamusi alianza. Alieleza mshipa unavyopita, damu inavyosukuma, sauti ya kwanza inavyosikika na ya mwisho inavyopotea. Hakuruka neno. Askari alisimama wima akiitikia, "Ndiyo, afande. Ndiyo, afande." Alipoambiwa sasa afanye, akaufunga mkanda wa presha kichwa chini miguu juu. Kabla hajamaliza, mikono ya Kamusi ilikwisha ruka kutoka mgongoni na kuugeuza.

"Mikono," Bi Taratibu akasema kwa upole.

Ikaja zamu ya Kicheko.

"Haya, kaka yangu, umeshika nini?"

"Mkanda."

"Unataka kusikiliza nini?"

"Damu."

"Na damu inapita wapi? Hebu itafute kwa vidole. Mimi sina haraka, hata chai nimeshakunywa."

Askari akapapasa kiwiko chake kwa ndani. Akatulia. Uso ukamfunguka. "Inagonga hapa! Kumbe mrija ndiyo maana unatakiwa ukae upande huu!"

"Mmeisikia hiyo kumbe?" Bi Taratibu aliwageukia wengine. "Hiyo ndiyo tunayoitafuta. Mkufunzi hapimwi kwa anayoyajua. Anapimwa kwa kumbe za wanafunzi wake."

Wakapiga makofi. Kamusi naye alipiga, lakini makofi yake yalitoka makavu, kama mtu anayekung'uta vumbi viganjani. Alijiambia kwamba Kicheko amebahatisha. Alijiambia kwamba Askari alikwisha elezwa kila kitu na yeye, Kicheko akaja kuvuna shamba la mwenzake. Maneno hayo aliyarudia njia nzima, na kila alipoyarudia aliyaona ya kweli zaidi.

Mafunzo yalipokwisha, kila mkufunzi alipewa benchi lake. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa huru kukaa watakapo. Siku za mwanzo benchi la Kamusi lilikuwa na watu. Baadaye mmoja alisema haoni vizuri ubaoni kutoka pale, mwingine akasema feni inampiga kichwa. Wote walihamia kwa Kicheko, ambako hakukuwa na ubao na feni ndiko ilikoelekea. Mwisho alibaki Askari peke yake. Naye siku moja akasimama, akakohoa, akasema, "Dada, wewe unajua mno. Nikikaa hapa najiona mjinga zaidi kuliko nilivyo. Naomba ruhusa nikajione mjinga wa kawaida."

Alisema kwa heshima kabisa. Ndiyo maana iliuma.

Tangu hapo Kamusi alikaa kwenye benchi tupu akijifanya anapanga vifaa, na nyuma yake akasikia, "Kumbe!", tena "Kumbe!", kama jogoo wa jirani asiyejua saa. Benchi la Kicheko lilijaa mpaka wengine walisimama. Hakufundisha kwa kujua sana. Mara nyingi alisema, "Hapo mimi mwenyewe nilipigwa chini, ngoja niwaambie nilivyopotea." Kamusi alimsikia akiwasimulia wazi alivyoanguka mtihani wa dawa, jambo ambalo Kamusi alilitunza kama silaha akisubiri siku ya kulitumia. Sasa silaha yenyewe Kicheko alikuwa amewapa watoto wachezee.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Mama mkwe alipata wimbo mpya. Fundi wa bomba alipokuja, aliambiwa binti wa nyumba hii anafundisha chuo. Muuza mkaa aliambiwa. "Lakini mama, wote wawili wanafundisha," mume wa Kamusi akakumbusha siku moja mezani. "Eeh, na mkwe wangu naye," mama akasema, akimwongezea Kicheko mchuzi. Usiku ule Kamusi alimgeuzia mumewe mgongo. Mume akauliza kosa lake ni nini. Angemwambia nini? Kwamba anamwonea wivu mtoto aliyemkuta katika nyumba hii akiwa bado anasuka nywele za mwanasesere?

Bi Taratibu aliweka utaratibu kwamba kila mkufunzi amsomeshe mwenzake somo lake kwanza, ili makosa yakamatwe kabla hayajafika kwa wanafunzi. Kwa kuwa Kamusi na Kicheko waliishi pamoja, aliwaunganisha.

Jumapili mchana Kamusi alikuwa sebuleni anapiga pasi sare zao. Kicheko akaketi mkekani, akakunja miguu, akaanza kumsomesha somo la kesho: kuhesabu matone ya dripu. Hesabu hazikuwa rafiki zake tangu zamani, na alizipita polepole kama anayevuka mto kwa mawe.

"Sasa hapa, wifi, nisikilize. Mrija huu wa kawaida, wa watu wazima. Mililita moja ni matone sitini. Sivyo?"

Sivyo. Sitini ni ya mrija wa watoto, wenye matone madogo kama ya jasho. Mrija wa watu wazima hutoa matone makubwa, ishirini tu yanatosha mililita moja. Anayechanganya mirija hiyo miwili namna hii humwingizia mgonjwa maji mara tatu ya aliyoandikiwa. Kamusi alilijua hilo hata usingizini. Alifungua mdomo.

Hapo ndipo mama mkwe aliingia na jirani aliyekuja kumjulia hali. "Huyu ndiye mwalimu wetu niliyekwambia," akasema, akimwonyesha Kicheko kwa kiganja kizima.

"Mashallah! Na huyu anayepiga pasi?"

"Huyo mke wa mwanangu. Naye anasoma hukohuko."

Wakapita kwenda uani. Pasi ilibaki imetulia juu ya kola ya Kicheko mpaka harufu ya kitambaa ikaanza kupanda. Kamusi akaiinua.

"Sivyo, wifi?" Kicheko akauliza tena.

"Sawa tu," Kamusi akasema. "Endelea."

Alikuwa amekwisha kuyapanga moyoni. Ijumaa Bi Taratibu angewapima wanafunzi kwa maandishi, na hapo uozo ungejulikana, karatasini, bila kumdhuru mtu. Wangesema, nani aliwafundisha hivi? Basi. Alitaka aibu ndogo tu, ya kunawa uso ikaisha. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Kesho yake asubuhi alikaa kwenye benchi lake tupu na kusikiliza. Kicheko alifundisha vizuri kuliko siku zote. Aliwapa mifano, akawatania, akawaacha wahesabu wenyewe, na kila mmoja akafika salama kwenye jibu baya. Hakuna aliyeshtuka. Watu wakimpenda mwalimu hawamkagui.

"Mwalimu wetu, leo umeniokoa," Askari akasema wakitawanyika. "Nimepangwa wodi ya wanaume pale hospitali asubuhi hii hii. Dripu nitaitundika na matone nitayahesabu mwenyewe!"

 Kamusi akajiambia muuguzi wa zamu lazima akague, ndiyo kazi yake. Akaingia darasani. Mwalimu alikuwa anaeleza magonjwa ya ngozi, na Kamusi alimtazama mdomo ukifunguka na kufumba kama wa samaki. Muuguzi wa zamu atakagua. Na kama ameitwa kwingine? Na kama wodi imejaa, kama inavyojaa kila Jumatatu? Akainuka bila kuomba ruhusa, daftari likaanguka, hakuliokota.

Wauguzi hufundishwa kutokimbia ovyo, maana mkimbio wa muuguzi huwatia watu hofu. Kamusi alikimbia. Alipita maduka ya dawa, akapita foleni ya kliniki, watu wakajibana ukutani, mama mmoja akasema, "Yarabi, kuna nini huko?"

Wodi ya wanaume ilikuwa na kelele. Upande wa mbali mgonjwa alikuwa ameanguka kitandani, na sista wa zamu na wenzake walikuwa wameinama wakimwinua. Upande wa huku Askari alisimama wima kando ya kitanda, macho kwenye saa, kidole kwenye gurudumu la mrija, akihesabu kwa midomo. Matone yalikimbizana kama mvua ya paa. Kitandani alikuwa mzee mwenye ugonjwa wa moyo, wa kupewa maji kidogo kidogo. Alikuwa ameshika kingo za godoro na anavuta pumzi kama aliyepanda mlima.

"Funga!" Kamusi akapiga kelele. "Funga, Askari! Funga!"

Askari akafunga. Sista wa zamu akaja mbio, akatupa jicho moja kwenye chupa na jingine kwa mzee, akamketisha na mito, akaita daktari. Ikaletwa oksijeni, ikachomwa sindano ya kutoa maji mwilini. Kamusi alishika mkono wa mzee muda wote huo, kwa sababu mzee alikuwa ameukamata na hakutaka kuuachia. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe kifua kikapungua kukoroma, mzee akafumba macho, na sista akamgeukia Askari.

"Nani alikufundisha matone haya?"

Askari alisimama kama yuko gwaride, jasho likimtiririka. "Hakuna, sista. Nimekosea mwenyewe."

Na hapo, mzee akiwa bado hajarudiwa na rangi yake, Kamusi alichomwa tena na mwiba uleule. Hata katika kosa, Kicheko alikuwa na mtu wa kumkingia kifua. Nani angesimama hivi kwa ajili yake? Alijishtukia, akajionea kinyaa.

Mchana waliitwa ofisini kwa Bi Taratibu. Kicheko alikuwa amekwisha sikia, na hakungoja kuulizwa.

"Ni mimi, mwalimu. Askari alifanya nilivyomfundisha. Nilichanganya mirija."

"Ulimsomesha mwenzako kwanza?"

Kicheko akamtazama Kamusi. Ilikuwa mara ya kwanza Kamusi kumwona uso usio na hata chembe ya tabasamu, na alijua kwamba wifi yake amejua.

"Nilimsomesha," Kicheko akasema taratibu. "Lakini alikuwa anapiga pasi. Huenda hakunisikia."

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Kilichobaki ni Kamusi kupita tu.

"Nilisikia," akasema.

"Ukasemaje?" Bi Taratibu akauliza.

"Nikasema sawa. Na nilijua si sawa."

"Kwa nini?"

Yule aliyekuwa na jina la kila kitu alitafuta neno akalikosa. Akajaribu kusema uchovu, likamkwama. "Wivu, mwalimu," akasema mwishowe. "Sina jingine."

Bi Taratibu alivua miwani akaiweka mezani. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. Alimwambia Kicheko arudi kwa wanafunzi wake siku hiyohiyo, asimame mbele yao na kulitengua kosa kwa mdomo wake mwenyewe. Alimwambia Kamusi kwamba ukufunzi wake umekwisha, na habari itafika kwa mkuu wa chuo, naye ataamua. Wakati wa kungojea uamuzi, kila asubuhi angemhudumia yule mzee: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza.

"Ujinga nimeutibu kwa watu wengi," akasema. "Huu wivu wako sijui kama una somo."

 Walipokaribia nyumbani Kicheko akasimama.

"Usidhani pale ofisini nilikuficha kwa mapenzi," akasema. "Mama akijua, atakutoa ndani ya nyumba ile, na kaka yangu ataumia. Nilimficha kaka. Wewe sina la kukwambia."

"Wifi..."

"Usiniite." Akatangulia, na Kamusi akamwacha atangulie.

Siku zilizofuata Kicheko alimpitia kama nguzo. Mama mkwe aliuliza kulikoni, mbona nyumba imekuwa ya mabubu, akaambiwa ni uchovu wa mitihani. Kamusi alishindwa kuuvumilia uongo huo, akamweleza mumewe kila kitu. Mume hakugomba. Alihamishia mto wake sebuleni, na alikaa huko muda mrefu kabla hajarudi.

Mkuu wa chuo alimpa onyo kali na kumfungia kushika dripu ya mgonjwa yeyote mpaka atakapopimwa upya. Mzee naye alipona, ingawa hakupona ulimi. Kamusi alimweleza ukweli akimkata kucha, kwa kuwa hakuweza tena kumtazama machoni akiitwa "binti mwema". Mzee alimkodolea macho.

"Kumbe nilikuwa nauawa na ugomvi wa mawifi? Wala siwajui! Ningefika huko kuzimu, wakaniuliza umekufa na nini, ningejibu nini?" Akanyoosha mkono wa pili. "Maliza na huu. Na leo uji uwe wa moto."

Kicheko, kwa upande wake, alifanya alivyoagizwa. Alisimama mbele ya benchi lake akasema, "Niliwafundisha uongo, na mtu alikaribia kufa," na hakuongeza mzaha wowote. Kamusi aliyasikia hayo kwa wengine. Alisikia pia kwamba baada ya siku hiyo benchi lilizidi kujaa, na wivu, ambao alidhani ameuzika, ukainua kichwa kama nyoka aliyesikia nyayo. Haukufa. Alianza kuelewa kwamba pengine hautakufa, kwamba ataishi nao kama mtu anavyoishi na pumu, akijua ni wapi vumbi lilipo.

Mwisho wa muhula akaingia chumba cha mazoezi bila kuitwa, akaketi mwisho wa benchi la Kicheko, miongoni mwa watoto wa mwaka wa kwanza. Minong'ono ikapita. Askari akamsogezea nafasi.

Somo la siku hiyo halikuwa na hesabu. Lilikuwa namna ya kuzungumza na mgonjwa anayekataa dawa. Kicheko alimwona, akaendelea kama hajamwona. Alimweka Askari alale kitandani awe mgonjwa mkaidi, akawaita wanafunzi mmoja mmoja wajaribu. Benchi likaisha, akabaki mmoja.

"Wewe wa mwisho," Kicheko akasema.

Kamusi akasogea kitandani. Akamweleza Askari dawa ile inafanya nini kwenye ini, kwenye figo, kwenye damu, na madhara ya kuacha dozi.

"Sitaki," Askari akasema, akavuta shuka mpaka puani.

Watoto wakacheka. Kicheko naye, bila kukusudia, kikamponyoka kile kicheko chake kilichompa jina, kikajaa chumba. Kamusi alisikia masikio yakimwaka moto. Kila mshipa wake ulitaka kutoka nje.

"Umemuuliza kwa nini hataki?" Kicheko akauliza. Sauti haikuwa ya upole wala ya chuki. Ilikuwa ya mkufunzi.

"Sijamuuliza."

"Basi muulize."

Kamusi akavuta kiti, akaketi karibu na mto.